Sura ya Sita: Adapta ya Njia Moja

Inspekta alikalia kiti kilekile alichokalia mlinzi wa zamu Jumamosi ile, akaitazama skrini. Ilikuwa nyeusi. Ndani yake alijiona mwenyewe, kofia na mabega, na nyuma yake dirisha dogo la chumba cha walinzi, lililoelekea geti. Chumba kilinuka gundi, kwa kuwa kiwanda kizima cha magodoro kilinuka gundi, na hata chai iliyokuwa mezani ilikuwa imeshashika harufu hiyo.

"Hebu nieleze tena," alisema.

Mlinzi wa zamu alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. "Afande, nimeeleza mpaka mate yamenikauka."

"Eleza tu. Mate yatarudi."

"Jumamosi mashine huzimwa mchana. Watu karibu wote walikuwa wameshaondoka. Mimi nimekaa hapo ulipokaa wewe, macho kwenye skrini. Nikamwona Mkasi. Akatokea upande wa karakana, akazunguka mapipa, akafungua mlango wa ghala, akaingia. Sikumtilia maanani. Ni mfanyakazi wa hapa, na aliyekuwa ndani ni mkwewe. Baadaye nikapita korido ya ndani kwenda kufunga ghala, nikamkuta mzee yuko chini, katikati ya rafu. Kichwa chake..." Akaishia hapo.

"Getini hakupita?"

"Labda geti la nyuma, la malori. Siku hiyo lilikuwa halijafungwa."

"Na uso uliuona?"

"Uso, mwendo, kila kitu. Mkasi anatembea akitupa bega la kushoto. Huyo hata umfunike gunia nitamjua."

Inspekta aliitikia kwa kichwa. Maelezo yalikuwa yaleyale, neno kwa neno, na mtu aliyeyasema hakuwa na sura ya mwongo. Ndiyo maana Mkasi, mkata sponji wa kiwanda hicho, alikuwa mahabusu tangu Jumapili. Siku chache kabla ya kifo aligombana na mkwewe, msimamizi wa ghala, mbele ya wafanyakazi wote, na siku yenyewe alisema alikuwa nyumbani amelala, peke yake, kwa kuwa mkewe alikwenda kumtazama mama yake. Kesho asubuhi angefikishwa mahakamani kwa kosa la kuua. Kosa hilo halina dhamana. Wako watu waliingia rumande kwa kosa hilo watoto wao wakiwa wananyonya, wakatoka watoto wana ndevu.

Mkuu wa kituo alikuwa ameridhika. "Una shahidi wa macho, una ugomvi wa hadharani," alisema asubuhi hiyo. "Unataka nini tena, malaika ashuke?"

"Nataka kuona kinachoonwa na kamera," Inspekta alijibu. "Iko juu sana. Huenda kutoka kule hauonekani uso, unaonekana utosi."

Hakusema kwa ubishi. Tangu amzike mkewe alikuwa akifanya kazi hivyo, sauti haipandi wala haishuki, kama mtu aliyetoka kung'olewa jino, shavu bado lina ganzi. Wenzake walikuwa wameshazoea.

Tatizo lilikuwa skrini. Askari waliofika mwanzo waliikuta haitoi picha, wakaambiwa umeme uliruka, wakaendelea na mambo mengine. Rekodi nayo hakuna, kwani mashine mpya ya kamera ililetwa bila diski ndani. Ilikuwa inaonyesha tu, haiweki kumbukumbu. Kesi nzima ilikaa ndani ya macho ya mlinzi mmoja.

Inspekta alivuta meza, akainama nyuma ya skrini. Miguu yake iligusa kitu cha moto kidogo chini ya meza.

"Hiyo ni mashine ya zamani," mlinzi alisema. "Tunawekea miguu. Asubuhi inapasha joto vizuri."

Mlango ukajazwa na mtu mnene mwenye sare iliyopigwa pasi hadi ikang'aa. Huyu alikuwa mkuu wa walinzi. Hajawahi kukanyaga jeshini maishani mwake, ila alipiga saluti kuliko wanajeshi, na kiwanda kizima kilimwita Kamanda.

"Jambo Afande! Umeme huo. Umeunguza adapta," alisema kabla hajaulizwa.

"Umejuaje kama ni adapta?"

"Ah... kitu kidogo ndicho huungua kwanza, Afande."

Inspekta alifuatilia nyaya kwa kidole. Kutoka mashine mpya, kiboksi cheusi chenye unene wa sanduku la viatu vya mtoto, kulitoka waya wa HDMI, ule wenye kichwa bapa. Mashine haikuwa na tundu jingine la picha. Skrini nayo, ya kizamani, ilikuwa na tundu moja tu, lile la bluu la VGA lenye safu za vijitundu. Katikati ya viwili hivyo palikuwa na adapta, kitu cha ukubwa wa kiberiti: upande mmoja pini za bluu zilizozama kwenye skrini, upande wa pili kitundu bapa kilichopokea waya. Kimkia chake kilichomekwa kwenye chaji ya simu kipate umeme. Kila kitu kilikuwa kimeingia mahali pake kama kilichopimwa.

"Nani alinunua hii?"

"Manunuzi yote ni Shemeji," Kamanda alisema. Shemeji alikuwa kaka wa mke wa mwenye kiwanda. Mwenye kiwanda alimwita shemeji, basi na wafanyakazi mia na ushei nao wakamwita shemeji, hata wale wazee wa umri wa baba yake.

Inspekta alifungua skrubu mbili za pembeni, akaichomoa adapta, akaitia mfukoni. "Naipeleka ipimwe. Msiguse kitu."

Kamanda alipiga saluti. Mkono wake ulichelewa kushuka.

*

Duka lilikuwa ghorofa ya chini ya jengo la ofisi, mtaa wa wauza vifaa vya kompyuta, na mwenye duka aliitwa Mama Waya. Alikuwa amekaa nyuma ya kaunta ya vioo, miwani kwenye paji la uso, akibishana kwenye simu na mtu aliyemwita mwizi kwa upendo mwingi. Alimaliza, akamgeukia Inspekta.

"Karibu baba. Unataka kuingia kwenye dunia mpya au kurudi ya zamani?"

"Nataka kujua hii imeungua lini."

Alishusha miwani, akaigeuza adapta. "Nani kasema imeungua?"

Alifungua kompyuta ya mkononi kuukuu yenye tundu la bluu, akachomeka adapta, akachomeka mkia kwenye umeme, kisha waya wa HDMI hadi kwenye televisheni ya ukutani. Televisheni ikatoa picha ya maua, safi, na jina la mjukuu wake juu.

"Nzima kama mimi," alisema.

Inspekta aliyatazama maua. "Kiwandani haikutoa kitu."

"Uliunganisha nini na nini?"

"Mashine yenye tundu kama la televisheni yako. Skrini yenye tundu la bluu."

"Aa!" Mama Waya alipiga kaunta kiganja. "Kila siku nawapigia watu kelele. Mteja anakuja ananiambia umbo la tundu. Mama nipe yenye bluu huku na bapa huku. Namuuliza, picha inatoka wapi, inakwenda wapi? Ananinunia, anadhani namchelewesha. Anakwenda kwa jirani, anauziwa, kesho anarudi na adapta na hasira."

"Nieleze pole pole."

Alimwaga kisanduku juu ya kioo. Kulikuwa na adapta za kila namna, nyeupe, nyeusi, nyingine zina mikia, nyingine zina kona moja iliyokatwa. Alizitenga mafungu kwa kucha.

"Tundu la bluu ni analojia. Picha inakuja kama wimbi, inapanda inashuka. Hili bapa ni dijitali, picha inakuja kama hesabu. Hawa hawaelewani hata kidogo. Lazima awepo mkalimani katikati, na mkalimani mwenyewe ndiye huyu, yumo humu ndani ya plastiki. Huyu wako anasikiliza wimbi, anatoa hesabu. Kazi yake ni kuchukua kompyuta ya zamani na kuipeleka kwenye skrini mpya. Wewe mashine yako ni mpya na skrini yako ya zamani. Umemwita mkalimani asiyejua lugha ya mgeni."

"Lakini iliingia. Pande zote mbili."

"Kuingia inaingia. Mtu akiingia kanisani ndiyo awe padri?"

"Hakuna zinazokwenda na kurudi?"

"Hizi nyeupe za DVI, hii hapa, zenye pini nne pembeni ya ulimi, hizo hubeba analojia na dijitali pamoja, basi ukiweka kichwa cha kubadili tundu inatosha, hakuna tafsiri. Yako si hiyo. Yako ina mkalimani ndani, na ni njia moja. Chukua, jaribu mwenyewe, nisije nikaambiwa nimetoa ushahidi wa uongo."

Alitoa skrini ya zamani chini ya kaunta. Inspekta akafanya kama ilivyokuwa kiwandani: HDMI kutoka kompyuta mpya, adapta, tundu la bluu. Skrini ikaandika kwamba hakuna ishara, ikalala. Akabadilisha waya. Hakuna ishara. Akabadilisha kompyuta. Hakuna ishara. Akabadilisha skrini, kwa sababu alitaka asibaki na neno la kujilaumu kesho. Hakuna ishara.

"Unaamini sasa?" Mama Waya aliuliza.

"Inawezekana ilifanya kazi Jumamosi ikakataa baadaye?"

"Baba, hiyo haijafanya kazi upande huo hata siku moja tangu itoke kiwandani. Ni kama kuuliza kama kijiko kilikuwa saa Jumamosi."

Inspekta alivuta pumzi. Basi mlinzi aliongopa. Aliitafuta hasira, akakuta hakuna. Alimwona tu yule mtu mlangoni, mikono nyuma, akisema kila kitu kwa macho makavu.

"Nipe inayofaa," alisema. "Nataka kuona yaliyobaki kama ni mazima."

Mama Waya alichagua nyingine: kichwa bapa cha kuchomeka kwenye mashine, na nyuma yake tundu la bluu la kupokea waya wa VGA. "Inasikiliza hesabu, inatoa wimbi. Na waya wa bluu huu hapa. Mwambie huyo aliyenunua ya kwanza apite anisalimie."

*

Saa za mchana uwanja wa kiwanda uliwaka jua. Inspekta alipita uwanjani badala ya korido, polepole, akitazama chini. Palikuwa patupu. Karibu na ukuta wa karakana sakafu ilikuwa na alama za kutu, duara baada ya duara, pale palipowahi kusimama vitu vizito vya mviringo. Alisimama juu ya duara moja, akatazama juu. Kamera ilikuwa pembeni mwa paa, imeelekea mlango wa ghala, ambao ulikuwa umefungwa kwa utepe wa polisi.

Ndani ya chumba cha walinzi Kamanda na mlinzi wa zamu walikuwa wakimsubiri. Inspekta alichomeka adapta mpya kwenye mashine, akafunga skrubu za waya wa bluu kwenye skrini, akawasha.

Picha ikaja. Uwanja, jua, mlango wa ghala, utepe. Paka alikuwa akijilamba kivulini.

"Nenda mpaka mlango wa ghala, usiuguse, urudi," alimwambia mlinzi.

Mlinzi alikwenda. Kwenye skrini alionekana vizuri, uso na vifungo vya shati. Kamera haikuwa na kosa. Wala mashine, wala skrini. Katikati ya uwanja mlinzi alisimama, akageuka huku na huku kama mtu aliyepotelewa na nyumba yake. Aliporudi alikuwa anahema.

"Afande, mapipa yamekwenda wapi?"

"Hukujua kwamba yameondolewa?"

"Mimi kule sipiti. Zamu yangu ni hapa na korido. Lakini kila siku nayaona." Alinyoosha kidole kwenye skrini, na kidole kikabaki hewani, kwa sababu skrini ilionyesha sakafu tupu.

Inspekta alimgeukia Kamanda. "Mapipa yaliondolewa lini?"

"Zamani kidogo. Lori liliyabeba mashine hii ilipokuja. Wiki ileile."

"Na Mkasi Jumamosi aliyazunguka."

"Aliyazunguka, Afande! Naapa!" Mlinzi alipaza sauti. "Nilimwona kwa macho yangu haya!"

"Najua ulimwona," Inspekta alisema. "Kaa chini."

Akapiga magoti, akaivuta ile mashine ya zamani kutoka chini ya meza. Ilikuwa na vumbi zito, na juu yake alama za soli za viatu. Nyuma, vumbi lilikuwa limetanda kila mahali isipokuwa tundu moja. Tundu la bluu lilikuwa safi, na skrubu zake ziling'aa. Mashine ilikuwa inanguruma taratibu. Hakuna aliyewahi kuizima.

Akauhamisha waya wa bluu kutoka kwenye adapta hadi tundu hilo. Hapa hapakuhitajika mkalimani, kwani zote mbili zilikuwa za zamani.

Skrini ikapepesa, kisha ukatokea uwanja uleule, jua lilelile, ila mapipa yalikuwa yamepangwa ukutani, mekundu. Walisubiri. Mlinzi alikuwa ameshika kingo za meza. Wapakiaji walipita na godoro. Mwanamke alipita na ndoo. Halafu, kutoka upande wa karakana, akatokea mtu mrefu anayetupa bega la kushoto. Akazunguka mapipa. Akafungua mlango wa ghala, akaingia.

"Ndiyo hiyo," mlinzi alisema kwa sauti ndogo. "Ndiyo hiyohiyo."

Kwenye kona ya juu ya skrini palikuwa na kipande cha utepe mweusi. Inspekta alikuwa amekiona asubuhi, akadhani kinaziba ufa. Alikibandua kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na tarehe. Ilikuwa ya miezi mitatu nyuma.

Mkasi akatoka ghalani amebeba bunda la sponji, akapotea pembeni ya picha. Mlinzi aliendelea kutazama mahali alipopotelea.

"Kamanda," Inspekta alisema. "Funga mlango ukae."

Kamanda alikaa. Sare yake ilionekana kubwa ghafla. "Afande, haikuwa kwa ubaya. Mashine mpya ilipokuja skrini ikawa haishiki. Nikamwambia Shemeji tunahitaji adapta, akaleta ile. Nikaifunga, giza. Nikamrudia. Akasema mbele za watu, 'Umeletewa kitu. Kama hujui kuunganisha sema, tutafute anayejua.' Wakacheka. Na Tajiri, mwenye kiwanda, kila asubuhi anapita hapo dirishani, anachungulia skrini. Akikuta giza, nani anafukuzwa? Ni mimi, si ndugu wa mkewe."

"Ukamwonyesha picha za zamani."

"Mashine ya zamani ilikuwa na picha tele. Nikaweka za siku kadhaa, mchana na usiku, zijirudie. Uwanja ni uleule, watu ni walewale. Tajiri alipita, akachungulia, akasema, 'Safi sana.' Niliweka kwa siku mbili tatu tu, mpaka nipate adapta. Siku zikaenda."

"Mimi hukuniambia," mlinzi alisema.

"Ungekaa unalala kama ungejua."

"Nimempeleka mtu kitanzini, Kamanda. Na wewe umesimama hapo unapiga saluti."

Kamanda hakumtazama. "Nilisema moyoni, labda kweli ni yeye. Waligombana. Labda picha imekosea siku tu, mtu haijamkosea."

"Kabla askari hawajafika ulibadilisha waya," Inspekta alisema. "Ukarudisha ile adapta isiyofaa ili askari wakute giza, na maelezo ya umeme."

"Ndiyo, Afande."

"Nani mwingine alijua kwamba skrini haimwoni mtu?"

"Hakuna."

"Fikiri."

Kamanda alifikiri, na kadiri alivyofikiri uso wake ulizidi kuchakaa. "Nilimwambia Shemeji. Nilitaka aone aibu, aninunulie nyingine. Nikamwambia, kamera yako ni kipofu, Tajiri anatazama sinema ya zamani. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema, 'Acha hivyohivyo. Usimwambie mtu.'"

Inspekta aliurudisha waya wa bluu kwenye adapta mpya. Mapipa yakatoweka, na uwanja wa leo ukarudi. Paka alikuwa ameondoka. Inspekta alikusudia kumtuma mtu amwite Shemeji ofisini. Hakupata nafasi ya kufungua kinywa.

"Afande," mlinzi alisema.

Mtu alikuwa anavuka uwanja. Mwanamume wa makamo, shati jeupe, tumbo mbele. Hakunyata. Alitembea katikati ya jua kama mtu anayekwenda msalani kwake, na alipofika chini ya kamera aliinua uso kabisa, akapiga chafya, akajifuta pua kwa kiganja. Kisha akainua utepe wa polisi kwa vidole viwili, akatoa ufunguo mfukoni, akaingia ghalani.

"Shemeji," Kamanda alinong'ona.

Inspekta alivaa kofia. Hakukimbia. Alipita uwanjani, akasimama pembeni ya mlango, akasubiri. Shemeji alitoka akiwa amekumbatia bunda la sponji lililofungwa kamba, akiegemea nyuma kidogo kama mtu aliyebeba kitu kizito. Sponji haina uzito huo.

"Lo! Inspekta! Umenishtua. Nimekuja kuchukua sampuli, kuna mteja ananisumbua."

"Mlangoni pana utepe wa polisi."

"Wapi? Sijauona, kweli."

"Kamera imeuona."

Shemeji alitupa jicho juu ya paa, akacheka, kicheko cha mtu aliyepewa kitu kidogo na watoto. "Hiyo? Hiyo mapambo tu, Inspekta. Haioni hata jua."

"Nani amekwambia haioni?"

Kicheko kilibaki mdomoni, hakina pa kwenda. Kule upande wa pili, chumbani mwa walinzi, vichwa viwili vilikuwa vimeinamia skrini.

Inspekta alilipokea bunda lile, akalilaza sakafuni, akakata kamba. Katikati ya sponji, imeviringishwa kama mtoto mchanga, ilikuwamo spana kubwa ya kufungulia mapipa. Ilikuwa imefutwa, lakini kwa haraka. Kwa nini alimpiga mzee wa watu, hilo lingekuja kwa wakati wake, kwenye chumba kingine na mbele ya mwandishi. Kwa sasa alisema maneno yanayosemwa kwa mtu anayekamatwa, yote, kwa mpangilio, kwa sauti ileile aliyoagizia adapta.

*

Kituoni palikuwa na benchi la mbao chini ya dirisha la mapokezi, na juu yake alikuwa amekaa mke wa Mkasi. Alikuwa binti wa marehemu. Tangu Jumapili alifika kila asubuhi na chupa ya chai, akamkabidhi askari wa zamu, akakaa hapo mpaka jioni. Hakuwahi kuomba kumwona mumewe. Askari walishaacha kumuuliza kwa nini.

Inspekta alivua kofia. "Mama, si yeye."

Aliinua macho. "Unasema?"

"Si mumeo aliyemuua baba yako. Picha aliyoiona mlinzi ilikuwa ya zamani. Aliyeua tumemleta, yuko ndani. Mumeo anatoka sasa hivi."

Mwanamke aliitikia, kama mtu anayeambiwa basi limechelewa. Hakulia. Alimlilia baba yake Jumamosi na mume wake Jumapili, na inaonekana ghala la machozi lilikuwa tupu. "Asante," alisema.

Mkuu wa kituo alikuwa amesaini bila kubisha. Mlango wa ndani ulifunguka, Mkasi akatoka ameshika viatu mkononi, kwa sababu mahabusu huvuliwa kamba za viatu, na kamba zake alikuwa amerudishiwa ndani ya bahasha. Alimwona mkewe. Alisita, kisha akakaa upande wa pili wa benchi. Pale katikati yao mtu wa tatu angeweza kukaa. Alianza kupitisha kamba kwenye vijitundu vya kiatu.

Inspekta alikuwa na kazi ya kumhoji mtu ndani. Lakini alisimama pale kaunta, akajifanya anapanga karatasi.

"Ulikuja kila siku," Mkasi alisema. "Walinipa chai."

"Nilikuja."

"Hukuingia."

Mkewe alitazama mikono yake mwenyewe. "Niliamini," alisema. "Nilikujua miaka yote hiyo. Lakini waliposema iko picha, umeonekana, niliamini."

Mkasi alivuta kamba upande mmoja, akaivuta upande wa pili, akailinganisha. Mikono yake, iliyozoea kukata sponji bila kupepesa, ilikuwa mizito.

"Hata mimi," alisema.

"Hata wewe nini?"

"Siku ya tatu nikaanza kuamini. Nilikuwa nimelala, nakumbuka nimelala. Lakini wananiambia picha imekuona, mwendo ni wako, bega ni lako. Nikasema, labda niliamka." Alifunga fundo. "Leo asubuhi nilikuwa naomba niitwe nikubali, nipumzike."

Mkewe alisogea, si sana, kiasi cha kiganja. Akafungua chupa, akamimina chai kwenye kifuniko, akaiweka kwenye mbao kati yao. Ilikuwa imeshapoa. Mkasi aliiacha hapo ilipo, akachukua kiatu cha pili.